Queen, Nirvana au Linkin Park: mpwa wa miaka 14 aanze na nani?

MzeeKanda: Wakuu, heshima kwenu. Mpwa wangu yuko kwangu likizo, kasikia "In the End" ya Linkin Park kwenye video ya mpira, sasa kaniganda nimpe roki zaidi. Nimebaki na albamu tatu: Hybrid Theory ya Linkin Park (2000), yenye wimbo huohuo, Nevermind ya Nirvana (1991) na A Night at the Opera ya Queen (1975). Mimi roki niliijulia kwenye kanda za kaka yangu. Ukiweka kanda unasikiliza upande mzima, na wimbo uliouchukia wiki ya kwanza ndio unaoupenda mwezi wa pili. Nataka naye apate albamu nzima. Ipi kwanza?

Kipanga254: Hybrid Theory, bila kufikiria mara mbili. Hapo tayari kijana ana mlango. Mike Shinoda anachana mistari, Chester Bennington anaimba na kupiga kelele, na mtoto aliyekulia kwenye hip hop hapotei. Halafu ni fupi, haifiki dakika 40. Mimi nikiwa form two Nairobi, albamu hiyo ndiyo ilisema hasira niliyokuwa nayo kabla sijajua kuieleza.

DadaGitaa: Kipanga, hiyo kashaionja, ataimaliza mwenyewe. Mpe Nevermind. Nafundisha gitaa, na naona kinachotokea mtoto akigundua kwamba "Smells Like Teen Spirit" imesimama juu ya kodi nne tu, yaani mafungu manne ya noti zinazopigwa pamoja. Ubeti unapita kimya, besi na ngoma peke yake na noti mbili za gitaa, kisha kiitikio kinalipuka. Bendi ya watu watatu tu! Siku hiyohiyo anaomba gitaa. Queen watamvutia, ila hawezi kuwaiga.

Mwana_wa_Unguja: Hapana dada, kwa hilo sikubaliani nawe. Kuiga si kila kitu, umri ule mtu anahitaji pia kushangazwa. "Bohemian Rhapsody" ya Queen, iliyo kwenye albamu hiyo, inakaribia dakika sita na haina kiitikio: inaanza na sauti tupu, inaingia piano, inakuwa opera, ndipo gitaa linapasua. Katikati anasikia "Bismillah", na hapo umweleze kwamba mwimbaji, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, familia ikahamia Uingereza 1964. Na Brian May, mpiga gitaa wao, gitaa lake alilitengeneza na baba yake nyumbani, shingo wakaichonga kwenye mbao ya meko ya zamani. Akalipiga hilohilo karibu miaka yote. Mtoto wa miaka 14 akisikia hivyo, halali.

Kipanga254: Hiyo ya meko sikuijua. Basi Queen iwe ya pili.

DadaGitaa: Nami nakubali Queen mbele ya Nirvana, kwa sharti moja: asisikilizie spika ya simu. Mwanzoni mwa "Bohemian Rhapsody" sauti zinahama sikio hadi sikio. Kwenye spika moja hilo lote linapotea.

MzeeKanda: Asanteni sana. Hybrid Theory anaimalizia leo, Queen kesho jioni na hedifoni zangu kubwa za waya, simu yake naiweka mimi. Nirvana itasubiri hadi aulize mwenyewe habari za gitaa. Nitaleta mrejesho.