Tunapanda Kilimanjaro Desemba: tipu ya wagumu (wapagazi) tutoe kiasi gani, na tumpe nani?

Dada wa Sakina:
Wakuu, habari za jioni. Tuko wanane wa ofisi moja hapa Arusha, tunapanda wiki ya Desemba 9 kwa njia ya Machame, siku sita. Kampuni ya Moshi tumeshailipa. Sasa wametutumia karatasi ya tipu: kiongozi mkuu dola 20 mpaka 25 kwa siku, mgumu dola 6 mpaka 10, msaidizi na mpishi hapo katikati. Wenzangu wawili wamegoma, wanasema hayo ni mambo ya wazungu. Mimi roho inanisuta. Mtu abebe hema langu mpaka kambi ya Barafu halafu nimpe asante kavu? Mtanzania anatoa ngapi jamani?

Kibosho Juu:
Dada, nimebeba mizigo mlimani mpaka magoti yakakataa. Kwanza, viwango hivyo ni vya kundi zima, si vya kila mpandaji. Ila msishangilie mapema, maana wanane mnaweza kuwa na wagumu 24. Dola 6 kwa siku sita ni 36 kila mgumu, jumla 864, yaani 108 kwa kichwa kabla hujamgusa kiongozi. Mwenyeji hatarajiwi kufika huko. Wabongo niliowabebea walikubaliana shilingi 5,000 ya mgumu kwa siku, na kwa hesabu yenu hiyo ni 90,000 kila mmoja. Tulishukuru kwa dhati.

Mwana Njiro:
Mimi nawaunga mkono hao wawili, nusu. Mshahara ni wajibu wa kampuni, si wa mgeni. Ada za hifadhi ni zilezile kwa kila kampuni, kwa hiyo ukipewa bei ya kutupa, jua kwamba punguzo limetoka kwenye posho na sahani ya mgumu. Uliulizia wanalipwa ngapi kwa siku?

Dada wa Sakina:
Sikuuliza mkuu, kesho napiga simu. Na bahasha je? Kampuni inasema tumkabidhi kiongozi mkuu, yeye atagawa.

Kibosho Juu:
Hapo ndipo penye maumivu. Nimewahi kushuka kwa njia ya Mweka, wageni wamefurahi, bahasha imeingia hemani usiku, asubuhi tukaambiwa "wametoa kidogo". Utamuuliza nani? Fanyeni hivi: siku ya kwanza pale geti la Machame, wakati mizigo inapimwa isizidi kilo 20, ombeni kutambulishwa kwa timu yote na mhesabu vichwa. Kuna wagumu hewa wanaoongezwa kwenye orodha. Siku ya mwisho simameni mbele ya wote, msome kwa sauti: mgumu kiasi hiki, mpishi hiki, kiongozi hiki. Kisha kila mtu apokee mkononi mwake. Hata KPAP, wanaotetea wapagazi hapa Moshi tangu 2003, wanataka kila mmoja ajue chake. Kiongozi mwaminifu hatakasirika.

Mama Majengo:
Mume wangu yuko mlimani hadi leo. Wengine huacha koti na viatu wakadhani wamemaliza. Viatu tunavipokea kwa furaha, dada, lakini viwe juu ya pesa. Mwenye duka hapokei koti.

Dada wa Sakina:
Nimewasomea wenzangu majibu yote. Mmoja amekubali 90,000, mwingine bado ananuna. Tutatoa kwa shilingi.

Kibosho Juu:
Vizuri. Vunjeni noti benki kabla ya kuondoka, kila fungu la 30,000 liwe tayari. Kule getini mtahangaika na chenji watu 24 wamesimama wanawasubiri.