Mjadala: Miti nayo inatoa gesi. Je, hiyo ni sababu ya kuacha kupanda misitu?

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Kwenye kikao cha wapanda miti wa kata yetu, hapa Mufindi, kijana mmoja alisimama akasema wanasayansi wamegundua kuwa miti nayo inatoa gesi, kwamba gesi hizo zinaongeza joto la dunia, na kwa hiyo habari yote ya kupanda miti kwa ajili ya tabianchi ni biashara ya kaboni tu. Watu wakaguna. Mwenyekiti akahamia ajenda inayofuata. Mimi naona nusu ya maneno yake ni kweli, na nusu hiyo tukiiacha ipite hivi hivi, kuna watu wataitumia kukata misitu.

Tuanze na tunachokijua kwa pua. Ingia shamba la misindano (mipaini) saa nane mchana, mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Ile harufu kali inayopanda kichwani ni ile ile inayotoka kwenye mifuko ya wagema utomvu, iliyofungwa shinani chini ya gome lililochanjwa. Ni ile ile pia ya tapentaini ya mafundi rangi. Kemikali yake kuu inaitwa pinini, na jua linavyozidi kuwaka ndivyo mti unavyozidi kuitoa. Milingoti (mikaratusi), mbali na harufu yake ya dawa ya mafua, inatoa kwa wingi gesi nyingine, isoprini, ambayo pua zetu haziitambui msituni. Ukijumlisha mimea yote ya dunia, isoprini peke yake inafika kama tani milioni 500 kwa mwaka. Si jambo dogo, kijana hakukosea.

Kosa lake ni kuishia hapo. Mvuke huo haukai hewani kama hewa ukaa inavyokaa miaka na miaka. Isoprini huisha ndani ya saa chache. Inaposhambuliwa na kemikali nyingine za hewani, ozoni ikiwemo, molekuli zake na za pinini hubeba oksijeni na baadhi yake huwa nzito kiasi kwamba haziwezi tena kuelea kama gesi. Zinashikana. Chembe inaanza na upana wa nanomita moja hivi (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), na ikikua kufikia nanomita 50 au 100 inaweza kuwa mbegu ya tone la wingu. Mvuke wa maji unahitaji mahali pa kushika, kama umande unavyohitaji jani. Chembe hizo hutawanya mwanga wa jua, na mawingu yaliyojengwa juu yake hurudisha mwanga mwingi angani kabla haujafika chini. Kwa maneno mengine, sehemu ya mvuke huo huo anaoulaumu kijana inapooza.

Na hili halikuanza jana. Mwaka 1960 mtaalamu wa mimea Frits Went, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, aliandika kuhusu ukungu wa buluu unaoonekana juu ya milima yenye misitu, akasema unatokana na mvuke wa mimea. Huko Hyytiälä, Ufini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki wanapima chembe hizi ndani ya msitu wa misindano tangu 1996. Mwaka 2016 maabara ya fizikia ya CERN, Geneva, ikaonyesha ndani ya tangi la chuma lenye ukubwa wa mita za ujazo 26 kwamba mvuke wa miti unaweza kuzaa chembe wenyewe, bila asidi ya salfa ambayo awali ilidhaniwa ni lazima iwepo. Maana yake, hata kabla ya viwanda, misitu ilikuwa na mkono wake katika mawingu.

Sasa upande wa pili, maana sitaki kuutetea mti kwa kuficha mambo. Isoprini ikikutana na moshi wa magari na mitambo, wenye oksidi za nitrojeni, hutengeneza ozoni ya chini, ambayo inaongeza joto na kuumiza mapafu. Pia inatumia zile kemikali ambazo kazi yake ni kusafisha methani, gesi nyingine inayoongeza joto, hewani, hivyo methani inadumu zaidi. Halafu kuna rangi: nyasi zetu za mlimani zikikauka zinakuwa nyeupe na kurudisha mwanga, ukizifunika kwa misindano ya kijani kibichi, ardhi inanyonya joto. Utafiti uliotoka kwenye jarida la kisayansi la Science mwaka 2024, ukiongozwa na mtafiti James Weber, ulihesabu mambo haya yote pamoja, chembe za kupooza zikiwemo, ukakuta yanaweza kula hadi theluthi moja ya faida ya miti katika kuondoa hewa ukaa. Hasara hiyo ilikuwa kubwa pale dunia inapopanda miti bila kupunguza moshi. Ikipunguza moshi pia, hasara inashuka.

Someni tena hapo, wakuu. Theluthi ikiliwa, theluthi mbili zimebaki. Na kinachokuza hasara ni moshi wetu. Mwaka 1980 Ronald Reagan, akigombea urais wa Marekani, alidai karibu asilimia 80 ya uchafuzi wa hewa unatokana na mimea, kwa hiyo viwanda visibanwe sana. Hoja ya kijana wetu ikiachwa bila kujibiwa inaelekea huko huko.

Msimamo wangu ni huu. Msitu wa asili, kama ule wa Udzungwa, usiguswe kwa kisingizio cha mvuke. Lakini na sisi tuache kuhesabu kila mche kana kwamba ni sawa na mwingine. Kenya imejiwekea lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hapa kwetu kila msimu tunatangaziwa mamilioni ya miche. Idadi ndiyo inayosomwa jukwaani. Ni mti gani, umepandwa juu ya nini, nyasi au ardhi iliyokatwa msitu, hakuna anayesoma. Mlingoti ni mti wa mbao na nguzo, umewasomeshea watu wengi watoto, siutukani. Uitwe hivyo basi, mti wa biashara, usipewe sifa ya msitu.

Na vipimo tuvidai. Amazon wana mnara wa mita 325 unaopima hewa juu ya msitu. Yangambi, Kongo, upo wa mita 55 unaopima gesi zinazoingia na kutoka msituni. Kwa nini Nyanda za Juu Kusini, zenye mashamba ya miti makubwa kiasi hiki, tusiwe na wetu?

Kikao kijacho nitapendekeza mambo mawili: mita 60 kuzunguka chanzo cha maji, zinazolindwa na sheria ya mazingira ya 2004, zirudishiwe mivengi, miti ya asili ya kando ya maji, na milingoti iliyomo itolewe, na daftari la kata liandike aina ya mti na ardhi ilivyokuwa kabla, si idadi tu. Anayepinga aje na hoja yake hapa, hasa wewe kijana wa kikao kama unanisoma.