Mafundi mnaong'oa themostati na kujaza maji ya bomba, mmeniharibia injini!

Wakuu, niko gereji tangu asubuhi na hasira niliyonayo sijui niipeleke wapi.

Nina Hilux pikapu ya dizeli, injini aina ya 5L, ndiyo inayolisha nyumba yangu. Nashusha viazi Kyela, napandisha mchele Mwanjelwa. Mwaka juzi paipu ya juu ya rejeta ilivuja, nikaipeleka kwa fundi mmoja hapa Mbeya. Paipu tu! Akamwaga kulanti yote, yale maji ya dawa ya kupoozea injini, akajaza maji ya bomba, na themostati, ile vali ya kuongoza maji hayo, akaing'oa bila kuniuliza. Nilipohoji akasema, "Bosi, hivyo vitu ni vya Ulaya kwenye barafu, huku vinachemsha gari tu." Kama vile hajawahi kuamka na baridi ya Uyole mwezi wa saba. Nikamwamini, maana fundi ni yeye.

Jumanne napanda kutoka Kyela na gunia kumi. Sijafika Tukuyu, mshale wa joto ukaingia kwenye nyekundu, maji yakaruka kutoka chupa ya akiba, ya kahawia kama mto wa masika.

Leo fundi mwingine kaifungua. Mapanga ya wota pampu yameliwa, vimebaki vishina. Ubavuni mwa bloku, ule mwili wa injini, kuna vile vizibo vya bati vya duara. Kimoja kakigusa kwa bisibisi, bisibisi ikazama, likafuata tope la kutu zito kama uji wa ulezi. Silinda ya nyuma kabisa njia zake za maji zimeziba. Hedi, kile kipande kinachofunika silinda juu, imepinda.

Jamani, bloku ni chuma! Chuma, maji na hewa ni kutu, hakuna siri hapo. Kulanti ina dawa ya kuzuia kutu, siyo barafu peke yake. Na kila ukiongeza maji mapya unaingiza oksijeni mpya, kutu inaendelea kula. Themostati nayo, ya injini hii, gari ikipata moto inafungua njia ya rejeta na kuziba njia ya mkato. Ukiing'oa, mkato unabaki wazi, maji mengine yanazunguka humo humo kwenye injini bila kupoa. Tambarare huwezi kujua. Mlimani na mzigo ndiyo utajua. Halafu mfuniko wa rejeta alioniwekea haushiki presha, wakati Mbeya tuko kama mita 1,700 juu, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi!

Na nyie wenye maduka mnaouza maji ya rangi ya kijani mkiyaita kulanti: dumu langu la lita 5 fundi kalipima vidoleni, halina utelezi wowote.

Kuchonga hedi, gasketi, pampu, vizibo, kuzibua rejeta: 1,150,000 mpaka sasa na gari halijawaka. Nimempigia yule wa kwanza, ananiambia eti gari langu la zamani. Lilikuwa la zamani hivyo hivyo siku anaitupa themostati yangu!

Aliye Mbeya au Makambako anayejua duka lenye themostati ya 5L ya uhakika aniambie. Na wewe fundi, kama unasoma hapa, nataka unilipe gasketi na kazi ya hedi. Jumatatu asubuhi niko kwako. Kile kizibo nimekifunga kwenye kitambaa, nakuja nacho.