Kuokota boya: wenye vyombo tupeane uzoefu

Mwana_wa_Shimoni: Leo asubuhi pale hifadhi ya bahari ya Kisite nimeona boti ya wageni inalizunguka boya la kufungia vyombo, inalikosa, inalizunguka tena. Baharia kalala kifudifudi omo, mbele ya chombo, mkono haufiki, nahodha anafoka. Mengi yamenirudia. Wavuvi, wapiga mbizi, wenye boti za matembezi, mnaokotaje boya kusi likivuma? Ngoe, yaani mti wenye ndoana? Tanzi la kamba? Au kijana anaruka majini?

KusiMkali: Kuruka acha kabisa. Mkondo wa bamvua haumngoji mtu.

Ami_Fundi_Faiba: Kabla ya ngoe, tazama vyombo vilivyokwisha kufungwa vimeelekea wapi, kwa sababu na wewe ukishafunga utalala hivyohivyo. Ila linganisha na chombo cha aina yako. Siku upepo na maji vikipingana, chenye mkuku mrefu, ule uti wa chini, hutii maji, na boti bapa yenye turubai juu hutii upepo. Liendee boya polepole, omo ikielekea kule vyombo vilikoelekea. Likishapotea chini ya omo nahodha hana macho tena, basi baharia anyooshe ngoe ielekeze boya lilipo. Maneno ya mdomo mashine inayameza yote.

Mtwapa_Kwetu: Naunga mkono. Mkono, si mdomo.

BintiNungwi: Mmenikumbusha siku ambayo hata leo nikiisikia mashine ikirudishwa nyuma moyo unapiga. Nilikuwa naongoza wageni, mwezi wa saba, kusi limeshika na maji yanatoka kwa nguvu. Tulilifikia boya kwa mwendo mkubwa. Kijana wa omo akalipata kwa ngoe, ncha ikakwama kwenye pete ya boya, chombo kikazidi kwenda. Hakuiachia. Ile ngoe ilimng'oa mtu mzima kutoka omo, tukamwona yuko majini, kofia huku, ngoe kule.

Nahodha akapiga rivasi ili asimpitie. Ile kamba ya kuokotea, iliyofungwa kwenye boya ili inyakuliwe, ya plastiki, ilikuwa inaelea juu juu, propela ikaivuta, mashine ikazima. Sasa tumefungwa kwa shetri, kwa nyuma! Mawimbi yanakuja na kuingia nyuma, mapipa yanaelea, wageni wote wamekimbilia upande mmoja. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshika jaketi la mwanawe kwa meno huku anamfunga kamba zake.

Yule kijana, Mungu ampe umri, alikuwa amelikumbatia boya. Nahodha hakupiga kelele tena. Alifunga kamba nene omo, akaipitisha nje ya ubavu, nje ya nguzo zote za turubai, mpaka shetri, akamrushia. Kijana akaitia kwenye pete, akafunga fundo huku wimbi linamfunika. Alipoinua mkono, nahodha akakata ile ya propela kwa kisu cha samaki. Chombo kikazunguka taratibu, omo ikatazama bahari, maji yakakoma kuingia. Mimi nikaendelea kuchota na ndoo, kwa sababu mikono haikutaka kusimama.

Mwana_wa_Shimoni: Subhanallah. Hiyo ya kupitisha kamba nje ya nguzo wengi hawaijui. Ukiipitisha ndani, chombo kikigeuka kinabomoa turubai na aliyesimama hapo.

KusiMkali: Kijana alitoka salama?

BintiNungwi: Alitoka, alichubuka kifua chote kwa chaza walioota kwenye boya.

Mvuvi_Asilia: Haya yote ya nini? Nanga ipo. Tia nanga, kaa.

Matumbawe_Yetu: Tia mchangani. Juu ya tumbawe usitie. Tumbawe la kichwa linakua sentimita moja hivi kwa mwaka, nanga yako inalivunja kwa mvuto mmoja. Ndiyo sababu maboya yamewekwa hifadhini.

Mvuvi_Asilia: Babu zetu walitia nanga na samaki walikuwepo.

Matumbawe_Yetu: Babu zetu hawakuleta boti ishirini za wageni kwenye mwamba mmoja kila asubuhi. Nakuheshimu, lakini hapo sikubali.

Ami_Fundi_Faiba: Jamani, turudi kwenye boya.

Mpemba_Southampton: Huku Uingereza, kwenye kozi za RYA, chama cha wenye mashua, zoezi hili hulikwepi. Mtu akiwa peke yake anafundishwa tanzi: kamba ndefu, ncha zote mbili zimefungwa omo, unaishika kwa mikono miwili, unaitupa wazi ilivuke boya, unaiacha izame, ndipo unavuta. Inashika mnyororo chini ya boya. Iwe kamba inayozama, nailoni. Ya plastiki inaelea, itateleza juu.

Mtwapa_Kwetu: Tanzi silitaki. Linakata.

Mpemba_Southampton: Linakata ukililalia usiku kucha. Ni la kukushikilia dakika chache tu, mpaka upitishe kamba yako kwenye pete.

Mtwapa_Kwetu: Na kama chini ya boya ni kamba, si mnyororo? Utasaga kamba ya watu. Ngoe tu.

KusiMkali: Na zile ngoe za dukani zinazopitisha kamba zenyewe?

Mpemba_Southampton: Ukiisukuma kwenye pete, kamba inapita na kurudi mkononi. Nzuri kama pete imesimama. Ikilala, unagonga boya tu. Na zile za kurefuka kwa kuzungusha, chumvi ikiingia kwenye kifungo zinavutika huku boya linabaki palepale.

Ami_Fundi_Faiba: Mimi mwanzi. Unaelea, hauna kifungo, ukikwama unauachia na kuurudia baadaye. Mbele fundi chuma akukunjie ndoana butu. Na mwenye boya aweke kamba ya kuokotea fupi yenye dumu dogo mwishoni, unyakue dumu. Kamba ikiwa ndefu ndiyo hayo ya BintiNungwi. Dumu likiwa mkononi, toa gia. Propela isizunguke tena mpaka kamba imefungwa.

NgalawaMoja: Mimi niko peke yangu, omo siwahi. Naliokota ubavuni nilipokaa, kisha natembea na kamba mpaka omo.

BintiNungwi: Sawa, ila usiifunge shetri hata kidogo, hata kwa kupumzika. Tembea nayo.

NgalawaMoja: Na vidole?

KusiMkali: Usiizungushe mkononi. Zungusha kwenye kigingi mara moja, kigingi ndicho kibebe uzito. Kamba ikikaza na kidole ndani, kidole hicho hukipati.

Mwana_wa_Shimoni: Ami, ndoana iwe na upana gani?

Ami_Fundi_Faiba: Ipite kamba nene mbili kwa pamoja, pete isipite. Pete isipoingia, ngoe haikwami. Ijumaa nitakuwa Mkwiro kwa kazi ya faiba, anayetaka kukunjiwa aje na mwanzi wake.

Mvuvi_Asilia: Nitakuja na miwili.