Influenza ya kipupwe: ilikupateje, uliijuaje, ulifanya nini? Tupeane uzoefu

Mchumaji wa Mtambwe
Asalaam aleykum jamani. Kipupwe kimeingia, na kila nyumba naona mtu anakohoa. Naanza mimi.

Mwaka jana tulikuwa kambini kwenye karafuu, watu tisa. Mwenzetu mmoja kaja anapiga chafya, tukamuuliza, akasema "mafua tu haya". Tukalala jamvi moja, tukanywa maji kwa kata moja. Siku ya pili yake asubuhi nimepanda mkarafuu mzima wa afya. Kufika alasiri mikono haishiki tawi. Wallahi nilishuka kwa kusaidiwa. Kichwa kinapasuka nyuma ya macho, mapaja yanauma kama nimelima bonde zima, baridi inanitetemesha na jua lipo.

Mafua nayajua toka utotoni. Yanakuja kwa adabu: leo koo linawasha, kesho pua, na huku unakwenda shughuli zako. Hii ilinibwaga kama kitanda kilichokatwa kamba. Wiki ile tulianguka sita kati ya tisa, na karafuu haimngoji mgonjwa, ikishafunguka ua thamani yake imekwenda.

Kosa langu: nilimtuma kijana dukani akaniletea vidonge vya rangi mbili. Siku mbili nameza, homa iko palepale. Kituoni dakta kanipima malaria kwanza, hamna. Akaniambia hiki ni kirusi, na rangi mbili kazi yake ni bakteria. Akanipa parasetamoli, akasema ninywe maji sana na nilale. Homa ilikatika siku ya tano. Kikohozi kilinikalia karibu wiki tatu.

Mama Watatu, Jang'ombe
Pole kaka. Mimi yangu ni ya mtoto, mwaka mmoja na nusu. Kaka yake kaileta kutoka skuli.

Nilimpa dawa ya maji ya homa, na juu yake dawa ya maji ya mafua. Bahati nzuri wa duka la dawa akaniuliza nina nini nyumbani, akanisomea chupa zote mbili: parasetamoli iko humu na humu. Kumbe nampa dozi mara mbili! Someni chupa jamani, na watu wazima pia, maana vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani.

Siku ya nne akapata nafuu, akacheza, akala uji. Nikashukuru. Usiku wa siku ya sita homa ikarudi, na safari hii pumzi mbiombio. Mamaangu akamfunua fulana: chini ya mbavu panabonyea kila akivuta. Nikashika saa nikahesabu, 54 kwa dakika. Hatukungoja kukuche. Hospitali walisema ni nimonia, imeingia nyuma ya influenza, na hapo ndipo dawa za bakteria zikawa na kazi. Mtoto wa umri ule, ikifika 40 kwa dakika naye ametulia, halii, basi mpeleke. Sikuwa naijua hesabu hiyo.

Yakhe wa Forodhani
Mimi dawa yangu urojo wenye pilipili nyingi. Pua inafunguka, homa inabaki nayo inakula urojo.

Bi Mdogo, Wete
Wewe utani tu! Kwetu bibi alikuwa anatufukiza kwa mrihani na mchaichai, shuka juu ya kichwa. Raha naikumbuka. Lakini mtoto wa dada yangu aliusukuma mtungi kwa mguu, maji ya moto yakammwagikia pajani, na kovu analo mpaka leo. Watoto hatuwafukizi tena. Chai ya tangawizi na asali inatosha, na asali asipewe aliye chini ya mwaka.

Nesi mstaafu, Chake Chake
Nyote mmesema vizuri. Niongeze machache. Mgonjwa anaambukiza tangu siku moja kabla hajajihisi mpaka siku tano au saba baadaye, ndiyo maana kambi nzima inaanguka. Msiwape watoto aspirini, na mtu mzima naye asiikimbilie kabla hajapimwa, kwa sababu homa ya dengi huanza hivihivi na aspirini huzidisha kutoka damu. Ipo dawa ya kirusi chenyewe, oseltamiviri, ila inafaa zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kwa hiyo mja mzito, mzee, mwenye pumu au sukari, asikae ndani siku nne "kuangalia".

Chanjo ipo pia, mahujaji wanaijua. Inachomwa kila mwaka kwa kuwa kirusi kinabadilika. Ya mwaka juzi usiihesabu.

Msafiri wa Mkoani
Nesi, nisaidie. Homa imenianza jana magharibi, mwili wote unauma. Kesho nina boti ya asubuhi, mtoto wa ami yangu anaoa Unguja. Nikivaa barakoa je?

Nesi mstaafu, Chake Chake
Barakoa inapunguza, haizuii yote, na mle ndani madirisha yamefungwa. Huko arusini nani unakwenda kumshika mkono?

Msafiri wa Mkoani
Bibi. Ana miaka 78 na ana sukari.

Mchumaji wa Mtambwe
Yakhe, mimi niliambukizwa na mtu wa "mafua tu".

Msafiri wa Mkoani
Haya. Tiketi nimempa mdogo wangu, na zawadi kaichukua. Ami kakasirika, bibi kacheka kwenye simu, kasema pilau yangu ataila yeye. Sasa hivi naelekea kituoni kupima malaria.