Notisi ya siku 28 inapogongana na likizo

Swali

Ndugu zangu, naomba mwongozo. Mimi ni mtunza stoo katika duka la jumla hapa Dar es Salaam. Nalipwa kwa mwezi na mkataba wangu hauna ukomo. Nimepata kazi Dodoma. Likizo yangu ya siku 28 inaanza Jumatatu, nami nimefikiri nikabidhi notisi siku hiyohiyo ili viishe pamoja. Je, inakubalika? Naogopa kuharibu, kwani mwenzangu aliyeaga kwa simu tu alikatwa karibu mshahara wote wa mwisho.

Jibu la kwanza

Usifanye hivyo, ndugu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza notisi kutolewa mtu akiwa likizoni au kwenda sambamba na likizo, hata kama idadi ya siku inalingana. Kwa anayelipwa kwa mwezi, baada ya mwezi wa kwanza wa ajira, notisi haipungui siku 28, nayo iwe ya maandishi, yenye sababu na tarehe. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili, kwa hiyo usome kwanza. Asiyetaka kufanya kazi katika siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kumkata kiasi ambacho angelipwa, na nadhani hilo ndilo lililompata mwenzako. Omba likizo iahirishwe, toa notisi, fanya kazi mpaka siku ya mwisho, kisha udai malipo ya likizo ambayo hukuichukua.

Jibu la pili

Nami nasisitiza jambo moja lililoniumiza. Barua yangu niliiacha mezani kwa katibu muhtasi, ikakaa siku tisa chini ya mafaili, na mwajiri akahesabu siku kuanzia alipoisoma. Sikuwa na ushahidi wowote. Peleka nakala mbili, usiondoke mpaka yako igongwe mhuri na iandikwe tarehe na sahihi ya aliyeipokea, hata ukisubiri nusu saa ukiwa umesimama mlangoni.

Jibu la tatu

Wenye mikataba ya muda maalumu wasidhani kwamba siku 28 zinawatosha. Kwa kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, wao hujiuzulu kabla ya muda iwapo mwajiri amevunja mkataba kwa uzito, la sivyo ni lazima wakubaliane naye. Kwako, ndugu mtunza stoo, kiinua mgongo cha kisheria hakilipwi kwa anayeacha kazi kwa hiari, lakini cheti cha utumishi ni haki yako. Nakushauri pia mkabidhiane stoo kwa maandishi, bidhaa kwa bidhaa.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Dodoma wamekubali kunisubiri, likizo nimeomba isogezwe, na nakala yangu imegongwa mhuri leo saa nne asubuhi. Kesho naanza kuhesabu magunia.