Mafarisayo walibishana na Yesu, lakini nani hasa alitaka afe?

Wakuu, Jumapili mhubiri karudia lile la siku zote: Mafarisayo, wale Wayahudi washika sheria, walimuua Yesu kwa wivu. Watu wakaitikia amina, tukatoka kwenda kunywa chai. Mimi chai haikushuka. Nimerudi nyumbani nikasoma Marko kuanzia sura ya 14 hadi mwisho wa kitabu, sehemu ya kukamatwa na kuuawa kwake, na neno "Mafarisayo" halimo hata mara moja. Waliomo ni wakuu wa makuhani, wazee na waandishi, yaani walimu wa sheria. Hoja yangu: tumechanganya magomvi mawili tukayafanya moja. Naileta hapa muivunje mkiweza.

Mafarisayo ugomvi wao na Yesu tunaujua: Sabato, kunawa mikono, kufunga, kula na watoza ushuru. Ubishi wa namna hiyo ndio ulikuwa maisha yao. Watu wa Hilleli na watu wa Shamai, walimu wawili wa sheria, walivutana hata juu ya talaka, kama mume aweza kumwacha mke kwa sababu yoyote ile, na swali analoulizwa Yesu kwenye Mathayo 19 ni hilohilo. Walikuwa wanamtaka achague upande. Tena katika Luka 13:31 Mafarisayo ndio wanaomwambia aondoke kwa kuwa Herode anataka kumuua. Anayekutakia kifo hakuonyeshi mlango wa uani. Najua Marko 3:6 ipo, baadhi yao walikula njama na Maherodi, wafuasi wa Herode, siifichi. Ila njama ya Galilaya haikufika popote.

Sasa njoo Yerusalemu. Kayafa, kuhani mkuu wa wakati huo, aliwekwa na gavana wa Kirumi, Valerius Gratus, yapata mwaka 18. Kabla yake gavana huyo alikuwa anabadilisha makuhani wakuu kama mashati, mwingine mwaka mmoja tu nje. Kayafa akadumu hadi 36. Baba mkwe wake Anasi alikuwa ameshika cheo kuanzia 6 hadi 15, na wanawe watano nao wakakipata kwa zamu. Na lile vazi takatifu la kuhani mkuu je? Lilitunzwa kwenye ngome ya Antonia, chini ya askari wa Kirumi, linatolewa sikukuu zikifika. Yaani cheo cha Mungu, ufunguo wa kabati kwa mkoloni.

Kwa mtu wa namna hiyo, Pasaka si sherehe, ni presha. Mji umejaa mahujaji, gavana Pilato kapandisha askari kutoka Kaisaria, halafu anatokea Mgalilaya anapindua meza za wabadili fedha ndani ya Hekalu, pale ambapo watu hupata fedha ya Tiro ya kulipia kodi ya Hekalu, nusu shekeli kila mwaka. Marko 11:18 haizunguki: baada ya tukio hilo wakuu wa makuhani na waandishi wanatafuta jinsi ya kumwangamiza. Yohana 11 inatupa na sababu, kwamba wakimwacha, Warumi watakuja kuwaondolea mahali pao na taifa lao.

Mkiona nabuni, someni Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ile. Mwaka 62 alitokea Yesu mwingine, mwana wa Anania, mkulima tu, akapita mitaani akililia Yerusalemu na Hekalu ole. Hakuponya mtu Sabato wala hakubishana na Farisayo. Wakuu wakamkamata, wakampiga, wakampeleka kwa gavana Albinus, akachapwa mijeledi hadi mifupa ikaonekana. Albinus akamwona kichaa, akamwachia. Njia ni ileile ya Yesu wa Nazareti. Ila huyu hakuwa na umati nyuma yake.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, umeandika vizuri lakini umeiruka sentensi nzito kuliko zote. Kayafa anauliza, "Wewe ndiwe Kristo?" Jibu linakuja la Mwana wa Adamu na mawingu, moja kwa moja kutoka Danieli 7, na kuhani mkuu anararua mavazi yake. Hiyo ni kufuru, si siasa.

Mchangiaji wa pili: Assalaam alaykum. Suala la msalaba tusiligombanie leo, msimamo wetu mnaujua. Ila kuna jambo hamjaligusa: uchawi. Qur'ani, Al-Maida aya ya 110, inasema waliokufuru katika Wana wa Israili waliona miujiza yake wakasema ni uchawi ulio wazi. Kwenye Biblia yenu Marko 3:22, waandishi kutoka Yerusalemu wanasema ana Beelzebuli, mkuu wa pepo. Talmudi nayo, kitabu cha marabi wa Kiyahudi, inamtaja kwa uchawi na kuwapotosha Israeli. Vitabu vitatu visivyopendana vinakubaliana juu ya shtaka.

Mleta mada: Nianze na kufuru. Adhabu yake katika Walawi 24 ni mawe, kama ya Stefano kwenye Matendo ya Mitume. Yakobo nduguye Yesu naye mwaka 62 alipigwa mawe kwa amri ya Anani, mtoto wa Anasi yuleyule, na Josephus anasema waliokuwa makini na sheria mjini walichukizwa hadi Anani akapoteza cheo baada ya miezi mitatu. Yesu hakupigwa mawe. Alisulubiwa na Warumi, na anwani juu ya kichwa ikasomeka Mfalme wa Wayahudi.

Hilo la uchawi, sheikh, limenirudisha kitabuni. Kumbukumbu la Torati 13 inaagiza nabii afanyaye ishara huku akiwapotosha watu auawe. Halafu tazama Luka 23:2, shtaka la kwanza mbele ya Pilato: "tumemwona huyu akipotosha taifa letu." Masikioni mwa kuhani hiyo ni Torati. Masikioni mwa Pilato ni uasi, hasa likifuatwa na lile la kuzuia kodi ya Kaisari. Neno moja, mahakama mbili. Kwa hiyo dini naikubali ilikuwemo, tena mwanzoni kabisa. Ila Mafarisayo bado siwaoni chumbani.

Mchangiaji wa kwanza: Yohana 18:3, Yesu anapokamatwa, watumishi wa Mafarisayo wapo na taa na mienge.

Mleta mada: Hapo umenipata. Nipe hadi kesho.